Adeer, Usiniambie Tu "Vumilia"

Kwani kijana wa Dagahaley akiuliza malipo, amekosa adabu? Kambi hii ilifunguliwa 1992. Waliojitolea siku zile kufundisha watoto na kuhudumia wagonjwa, wengi walianza mikono mitupu. Leo baadhi yao ndio viongozi wa timu zetu, na jibu lao ni moja: "Sisi tulivumilia."

Heshima kwao, wallahi. Lakini wao walihesabu miaka michache, kisha warudi nyumbani. Sisi tumezaliwa hapa. Mkimbizi anayefanya kazi na mashirika hulipwa posho, si mshahara, hata kama ana diploma na anakaa meza moja na Mkenya mwenye mshahara kamili. Kijana akiacha kazi hiyo, si uvivu. Amepiga hesabu.

Na sisi pia tupunguze kiburi. Ukipewa timu na una miaka 24, usimtumie mzee maagizo kwa WhatsApp halafu ulalamike hajajibu. Nenda kwake, msalimie, keti. Mkizunguka bloku kwa bloku kuhimiza chanjo, yeye ndiye anayefunguliwa mlango. Wewe ndiye unayejaza fomu kwenye simu. Mmoja bila mwingine, kazi hailali.

Kwa hivyo mnaopanga zamu, tupangeni wawili wawili, mkubwa na mdogo. Na siku ya kikao cha posho, adeer, usikae upande wa wakubwa. Keti nasi. Hata wewe unalipwa posho.