Fungua Chujio Utazame

Injini ya gari ina damu yake. Damu hiyo ni oili. Pampu huisukuma oili ipite kwenye vyuma vinavyosuguana, ivilainishe na ivipoze. Katika kuzunguka kwake oili huokota uchafu: chembe za chuma, masizi, na vumbi lililopenya. Chujio la oili huzuia uchafu huo usirudi kwenye vyuma. Kazi yake ni kama ya kifumbu cha tui jikoni.

Nitasema mapema ninaloliamini. Chujio linalofunguliwa ni bora kwetu kuliko kopo lililofungwa. Na mwenye kopo lililofungwa alifungue hata hivyo, kabla hajalitupa.

Motokaa za kwanza hazikuwa na chujio la oili. Ford Model T, iliyotengenezwa Marekani kuanzia mwaka 1908 hadi 1927, haikuwa na chujio wala pampu ya oili. Vyuma vilivyozunguka ndivyo vilivyorusha oili huku na huku. Dawa ya uchafu ilikuwa kumwaga oili mara kwa mara. Katika miaka ya 1920 Mmarekani Ernest Sweetland alibuni chujio la oili, na gari la Chrysler la mwaka 1924 likawa miongoni mwa magari ya kwanza kuwa nalo. Chujio la siku hizo lilipitisha sehemu ndogo tu ya oili. Iliyobaki ilikwenda kwenye vyuma na uchafu wake. Baadaye watengenezaji wakapanga njia upya, oili yote ikapita kwenye chujio kwanza.

Sasa tuje kwetu. Wazee wa Tanga wanaikumbuka Land Rover ya zamani, ile ya serikali na ya mashamba ya mkonge. Chujio lake lilikuwa bakuli la chuma lililoshikwa na boliti moja ndefu. Ndani ya bakuli mlikuwa na karatasi ngumu iliyokunjwa kama marinda ya gauni. Fundi alifungua boliti, akatoa karatasi chafu, akaosha bakuli kwa mafuta ya taa, akatia karatasi mpya na pete mpya ya mpira. Bakuli lilibaki na gari miaka yote.

Katika kazi hiyo dereva alikuwa anajifunza. Aliona tope lililokaa chini ya bakuli. Tope likiwa zito, alijua kuwa amechelewa kumwaga oili. Akiona punje zinazong'aa, alijua kuwa kuna chuma kinachokwisha ndani. Hakuhitaji kusoma kitabu. Alitia kidole kwenye bakuli, akakisugua kidole hicho juani, akapata habari za injini yake.

Ilikuwepo pia Volkswagen ndogo ya mgongo wa mviringo. Hiyo haikuwa na karatasi. Ilikuwa na wavu wa waya tu chini ya injini, na oili yake ilikuwa lita mbili na nusu. Wavu huzuia takataka kubwa, lakini chembe ndogo hupita. Kwa hiyo mwenye Volkswagen aliyechelewa kumwaga oili aliiua injini yake mwenyewe. Wenye bodaboda wasicheke. Pikipiki nyingi zenye injini ya mtindo wa Honda CG125 hazina chujio la karatasi hadi leo. Zina wavu, na kisahani kinachozunguka kwa kasi na kutupa uchafu pembeni, ukaganda humo. Kisahani hicho nacho kinataka kufunguliwa na kusafishwa. Ni wangapi wanaokifungua?

Kopo la kufungwa lilitokea Marekani katika miaka ya 1950. Karatasi, springi na bakuli vyote vimo ndani ya bati moja. Unalizungusha kama kifuniko cha chupa, likichakaa unalitoa na kulitupa lote. Sitalinyima haki yake. Kazi yake ni ya dakika chache na haichafui sana. Tena liliondoa balaa moja la zamani. Katika bakuli la Land Rover, fundi mwenye haraka aliweza kuisahau pete ya zamani juu kwenye mfereji wake, akaweka mpya chini yake. Oili ilivuja yote njiani na injini ikashika.

Lakini kopo limefungwa, na ndani yake huoni kitu. Mwuzaji anakuonyesha rangi nzuri na maandishi makubwa. Karatasi iliyomo ni nyingi au kidogo? Hujui. Katika makopo mengi mna kilango cha springi. Karatasi ikiziba, kilango hufunguka, oili ikapita bila kuchujwa ili vyuma visikauke. Gari linakwenda vizuri, dereva anaimba, kumbe uchafu unazunguka. Na wako watu wanaolitoa kopo la zamani, wakalisukutua kwa petroli, wakalipiga rangi, wakaliuza kama jipya. Karatasi ya Land Rover isingeweza kukudanganya hivyo, maana ungeiona kwa macho.

Kuna jambo la pili, nalo ni takataka. Chukueni mfano wa Raskazone. Barabara inatoka mjini, inapita Hospitali ya Bombo, inapita Hoteli ya Mkonge, kisha mbele ni bahari. Huko ndiko watu wa Tanga wanakokwenda kuogelea, na wavuvi hupita hapo na ngalawa zao. Kopo lililotupwa kwenye mfereji wa Raskazone halina safari ndefu. Kopo lililotolewa kwenye injini bado lina oili ndani. Masika yakija, oili ile inashuka na maji. Mizizi ya mikoko hupumua hewa. Ikipakwa oili inazibwa. Tangu mwaka 2009 sehemu ya bahari ya Tanga ni hifadhi, kwa ajili ya yule samaki wa kale aitwaye silikanti. Tunamlinda samaki kwa sheria, kisha tunamwagia oili kwa mfereji.

Wenzetu wa Ulaya waliliona jambo hili la bati linalotupwa. Kuanzia miaka ya 1990 magari yao mengi yalirudia karatasi peke yake ndani ya bakuli la kudumu. Toyota nao wamefanya hivyo katika injini zao kadhaa za baada ya mwaka 2005, na magari hayo yapo barabarani kwetu. Mafundi wengine wanalalamika. Wanasema kifuniko ni cha plastiki, kinataka spana yake maalumu, na ukikilazimisha kinapasuka. Ni kweli. Lakini spana hununuliwa mara moja, na bati la kutupa hununuliwa kila safari.

Mwenye gari la kopo afanye nini? Kwanza asome namba. Hapa ndipo kisomo kinapoleta faida. Makopo mawili yanaweza kulingana kwa rangi na kimo, lakini uzi wa ndani ukawa tofauti. Robo tatu ya inchi ni milimita 19 na kidogo. Kopo lenye uzi wa milimita 20 laweza kuingia kwenye boliti ya robo tatu ya inchi, likashika kidogo, kisha likalegea barabarani. Ziandike namba za chujio la gari lako kwenye daftari uende nalo dukani. Usikubali kuambiwa, "Hili nalo linaingia."

Pili, ukilitoa kopo la zamani, litoboe kichwani, uliinamishe juu ya debe usiku kucha oili itoke. Oili hiyo itie kwenye dumu lenye kifuniko, uwape wanaokusanya oili chafu. Isimwagwe chini. Nawa mikono kwa sabuni, kwani oili chafu ikizoeana na ngozi kwa miaka mingi huweza kuleta saratani.

Kisha likate kopo. Usitumie msumeno, maana unga wa msumeno utaingia kwenye karatasi, nawe utadhani injini imekwisha. Toboa ubavu, kata kwa mkasi wa bati. Kunjua marinda ya karatasi juani. Pitisha sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio. Chembe za chuma zitaishika sumaku. Chembe za rangi ya shaba hazitaishika. Hizo mara nyingi hutoka kwenye beringi. Ukiziona nyingi, mwite fundi siku hiyo hiyo, na abiria wa kesho watafutiwe gari jingine.