Kulia Vizuri Si Kupenda Vizuri

Wadau, leo tuzungumze mapenzi. Lakini tuyaache kwanza haya ya chipsi kuku na vocha za simu. Tuzungumze mapenzi ya watu waliokufa, na mashairi waliyoandikiwa na waliobaki.

Kuna imani imetuingia, hasa sisi tuliopita kwenye madarasa ya fasihi, kwamba mtu akimwandikia marehemu shairi la kutoa machozi basi alimpenda kweli. Ukubwa wa mapenzi tunaupima kwa uzuri wa kilio. Mimi siafiki. Kulia vizuri ni kipaji, kama kuimba au kucheza mpira. Kupenda vizuri ni kazi ya kila siku. Viwili hivi vinaweza kukaa nyumba moja, na vinaweza pia kuishi miaka na miaka bila kukutana.

Ushahidi wangu nautoa kwa washairi wa Ulaya na Marekani wa karne ya 19, hasa wa ule mkondo ambao wanafasihi wetu wanauita ulimbwende. (Usikimbilie kufikiria mashindano ya warembo, ulimbwende huu ni mwingine.) Hawa ndio jamaa waliotufundisha, hata sisi ambao hatujawahi kuwasoma, kwamba mapenzi makubwa lazima yawe na kaburi mahali fulani. Zile filamu zinazomuua mpenzi dakika ya mwisho, zile riwaya ambamo mgonjwa anazidi kuwa mzuri kadiri anavyokaribia kufa, ukifuatilia ukoo wake utawakuta hawa.

Kwanza tuwatendee haki. Kifo kwao hakikuwa pambo. Mwingereza John Keats alisomea utabibu na kupata leseni mwaka 1816. Mama yake alikwishakufa kwa kifua kikuu, na mwaka 1818 akamuuguza mdogo wake Tom hadi akafa kwa ugonjwa huohuo, akiwa na miaka 19. Kisha zamu ikawa yake. Mjerumani Novalis alifiwa na mchumba wake Sophie mwaka 1797, binti wa miaka 15 tu, naye mwenyewe akafa mwaka 1801 akiwa na miaka 28. Kidudu cha kifua kikuu kilikuja kugunduliwa na Robert Koch mwaka 1882, na dawa ya kukiua ikapatikana miaka ya 1940. Kwa hiyo vijana hawa walipoandika kuhusu kifo walikuwa wanaandika kuhusu mpangaji mwenzao.

Haya. Tatizo linaanzia wapi?

Linaanzia pale kifo kinapogeuzwa kanuni ya uzuri. Mmarekani Edgar Allan Poe aliandika makala mwaka 1846 akieleza namna anavyotunga. Humo anadai kwamba hakuna mada ya kishairi kuliko kifo cha mwanamke mzuri, na kwamba anayefaa zaidi kuisimulia ni mpenzi wake aliyefiwa. Sasa zingatia mwaka huo. Poe alipochapisha maneno hayo, mkewe Virginia alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu kwa zaidi ya miaka minne. Alikufa Januari 1847, miaka 24.

Sisemi Poe hakumpenda mkewe. Kifo kile kilimvunja, na hakufika mbali, maana naye alikufa Oktoba 1849. Ninachosema ni kwamba hiyo kanuni yake ina masharti: mwanamke awe mzuri, awe amekufa, na awe kimya. Mwenye mdomo ni mwanamume. Marehemu kazi yake ni kulala.

Sasa twende London kwa Dante Gabriel Rossetti. Huyu alizaliwa mwaka 1828, Keats akiwa kaburini tayari, lakini alikuwa mrithi wao hasa. Mkewe aliitwa Elizabeth Siddal. Ndiye msichana aliyelala kwenye beseni la kuogea ili mchoraji Millais apate kumchora Ophelia anayeelea mtoni, ule mchoro uliozunguka dunia nzima. Walioana mwaka 1860. Mwaka uliofuata alijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Februari 1862 naye akafa, baada ya kunywa lodanamu kupita kiasi, dawa ya kasumba iliyokuwa ikiuzwa kama tunavyouza panadol. Rossetti, kwa uchungu, akachukua mswada wa mashairi yake na kuuweka ndani ya jeneza la mkewe. Watu walioshuhudia waliguswa. Nani asingeguswa?

Mwaka 1869 akabadili mawazo. Jamaa zake wakaenda makaburini Highgate, kaburi likafukuliwa, mswada ukatolewa. Yeye mwenyewe hakwenda. Mwaka 1870 kitabu kikatoka.

Watu wengi wanaishia hapo, kwenye kisa cha jeneza. Mimi nataka tutazame kitu kingine. Elizabeth Siddal naye alikuwa mchoraji na mshairi. John Ruskin, mhakiki mkubwa wa sanaa wakati ule, alikubali mwaka 1855 kumlipa pauni 150 kwa mwaka kwa kazi zake. Mashairi yake yeye hayakuchapishwa akiwa hai. Kwa hiyo ndani ya ndoa ile walikuwepo washairi wawili. Mmoja alifukua kaburi ili asomwe. Mwingine dunia inamkumbuka kama maiti nzuri, tena maiti ya mara mbili, kwenye beseni na kwenye jeneza.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha Percy Bysshe Shelley. Keats alipofariki Roma Februari 1821, Shelley alimtungia shairi la maombolezo lenye beti 55. Ni moja kati ya maombolezo makubwa ya lugha ya Kiingereza, na silipunguzii hata nukta. Lakini Keats hakuwa rafiki yake wa karibu. Walikutana mara kadhaa, wakaandikiana barua, basi.

Rudi nyuma miaka mitano. Shelley alikuwa na mke, Harriet, aliyemtorosha na kumuoa mwaka 1811 binti akiwa na miaka 16. Walipata watoto wawili. Mwaka 1814 alimwacha na kwenda na Mary, binti wa mwandishi William Godwin. Desemba 1816 mwili wa Harriet uliokotwa katika ziwa la Serpentine, kwenye bustani ya Hyde Park. Alikuwa na miaka 21 na alikuwa mjamzito. Mwili ulionekana tarehe 10. Tarehe 30 ya mwezi uleule Shelley alifunga ndoa na Mary.

Beti 55 kwa mtu waliyefahamiana kwa mbali. Kwa mama wa watoto wake, hakuna maombolezo ya ukubwa huo.

Najua kwa nini. Keats alikuwa marehemu rahisi. Shelley aliweza kumlilia akiwa mikono safi, tena akawalaumu wahakiki kwamba ndio waliomuua kwa maneno yao makali, wakati kilichomuua kilikuwa kifua kikuu. Harriet alikuwa marehemu mgumu. Kumlilia yeye kulihitaji kwanza mtu ajiulize alifanya nini alipokuwa hai. Na hapo ndipo mashairi mengi mazuri yanapokosa wino.

Sasa tuwatazame waliolia bila beti.

Keats alikuwa na mchumba, Fanny Brawne. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Huyu binti aliyaficha, tena kwa mtu aliyekuwa akikohoa kweli. Keats alipokwenda Italia Septemba 1820 kutafuta hewa ya joto, walijua wote wawili kwamba huenda wasionane tena. Kule Roma hakuwa na nguvu hata za kufungua barua za Fanny. Zikazikwa naye, hazijafunguliwa. Na hizi hazikufukuliwa na mtu.

Fanny alivaa nguo za msiba kwa miaka. Akawa anaandikiana na dada mdogo wa Keats, akimliwaza binti yule aliyebaki peke yake. Aliolewa mwaka 1833, miaka 12 baadaye, akapata watoto watatu, akafa mwaka 1865 bila kujitangaza kwamba yeye ndiye yule. Mwaka 1878 barua za Keats kwake zikachapishwa, na wasomaji wakamgeukia. Wakamwona hakustahili kupendwa na mtu kama yule, eti hakuwa na moyo. Ilibidi wangoje hadi mwaka 1936, barua zake kwa dada wa Keats zilipochapishwa, ndipo wengi wakaona alivyoomboleza. Karibu miaka 60 mwanamke yule alihukumiwa kwa kosa la kulia kimyakimya.

Na Mary? Shelley alizama baharini huko Italia Julai 1822, wiki chache kabla Mary hajatimiza miaka 25. Alikwishazika watoto watatu, akabaki na mmoja. Kila anayemsimulia husimulia jinsi mwili wa Shelley ulivyochomwa ufukweni na jinsi Mary alivyotunza kilichoaminika kuwa moyo wake. Kisa kizuri, kinauzika. Lakini wachache wanasimulia kazi. Mwaka 1824 alitoa mashairi ambayo mumewe aliyaacha hayajachapishwa. Baba mkwe, Sir Timothy, aliyeshika fedha za kumlea mjukuu, akataka kitabu kiondolewe sokoni, na akamkataza kuandika maisha ya mwanawe. Mary akaendelea kuandika vitabu vyake apate kula. Mwaka 1839 akatoa mashairi ya mumewe kwa juzuu nne, na yale maisha aliyokatazwa kuyaandika akayapenyeza kwenye maelezo chini ya mashairi. Tukimsoma Shelley leo, tunamsoma kwa sababu mjane wake alikaa mezani miaka 17 akisoma mwandiko wake mbaya.

Sasa niambie, nani hapa alimpenda nani?

Kuna atakayeniambia kwamba shairi si hati ya kiapo, na kwamba mshairi hadaiwi risiti. Nakubali. Shairi la Shelley kwa Keats litabaki kuwa kubwa hata kama Shelley alikuwa mume wa ovyo. Sitaki mtu achome kitabu, na mimi mwenyewe nitaendelea kuwasoma. Ninachokataa ni kulitumia shairi kama cheti cha mapenzi. Tukishafanya hivyo, tunampa tuzo mwenye maneno na kumnyima mwenye matendo. Ndivyo Fanny alivyohukumiwa. Ndivyo Harriet alivyosahauliwa.

Na wala simaanishi kwamba haiwezekani kuwa na vyote viwili. Shaaban Robert wetu alipofiwa na mkewe alimtungia shairi, na shairi lile analiita kwa jina la marehemu mwenyewe, Amina. Hakumficha nyuma ya mrembo wa kubuni. Kisha watoto aliwaandikia tenzi za wosia, Hati kwa binti na Adili kwa mwana, akiwafundisha namna ya kuishi. Anamlilia mama na anawalea watoto kwa kalamu ileile. Linganisha na watoto wa Harriet, ambao mahakama iliamua mwaka 1817 wasikabidhiwe kwa baba yao.

Kwa nini nayasema haya leo? Kwa sababu sisi ni wanafunzi wazuri wa wale mabwana. Mtu akifa, kabla hata ratiba ya mazishi haijatoka, kurasa za mitandao zimejaa picha nyeusi na nyeupe na maneno marefu ya "ulikuwa kila kitu kwangu". Mengine ni ya kweli. Mengine yameandikwa na watu ambao simu za marehemu walikuwa hawapokei. Halafu huko msibani, yupo mwanamke aliyemgeuza mgonjwa kitandani miezi minane, aliyejua dawa ipi inaliwa saa ngapi, na siku ya mazishi machozi yamemkauka. Watu wananong'ona kwenye viti vya plastiki: "Umemwona? Hata chozi!" Wakati mwingine mnong'ono huo unaishia kwenye kikao cha ukoo, nyumba inagawanywa, na aliyelia kwa sauti ndiye anayesikilizwa.

Wasomeni washairi hawa, jamani. Ni watamu mno. Lakini mkimaliza ubeti wa mwisho, jiulizeni maswali mawili. Marehemu huyu alikuwa na jina na mdomo, au alikuwa mapambo tu? Na huyu anayelia, alikuwa wapi mgonjwa alipoomba maji?

Ukiwa na mtu unayempenda, na yuko hai, mpigie leo. Shairi linaweza kusubiri.