"Hapa Hatuna Siasa": Uongo Mtamu wa Makundi Yetu ya Wikendi

Kama uko kwenye kundi la kupanda milima, la chesi, la baiskeli au la kusoma vitabu, hii sentensi umeisikia: "Jameni, hapa hatuna siasa." Sasa angalia ni nani huisema. Mara nyingi ni yule amekuwa mwenyekiti tangu kundi lianze, hakuchaguliwa na yeyote, na pesa zote za M-Pesa huingia kwa simu yake.

Siasa ziko, msee. Zimevaa tu viatu vya michezo.

Chukua makundi ya milima, maana hayo ndiyo nayajua. Jumamosi alfajiri mnakutana tao, mnajaza matatu, mnaenda Longonot. Kilele kiko mita 2,776, na kuzunguka ukingo wa kreta pekee ni kama kilomita 7 za vumbi na miinuko ya kumaliza magoti. Mbele kuna kiongozi na mpiga picha. Nyuma kabisa kuna mtu anayetembea wa mwisho makusudi, ili asiachwe yeyote. Huyo hubeba mkoba wa huduma ya kwanza, hubeba na begi la aliyechoka, humngoja aliyekazwa na misuli. Picha ya pamoja ikipigwa kileleni, yeye bado yuko chini na wagonjwa wake. Na kwenye WhatsApp, asiyeonekana kwa picha ni kama hakwenda.

Kuna kundi moja, silitaji, ambalo mfadhili alililetea jaketi "za wanaojitolea". Ziliishia kwa kamati, na moja kwa mpenzi wa mwanakamati ambaye alikuwa amekuja mara mbili tu. Jamaa wa nyuma alipewa "shukrani za dhati" na emoji ya mikono. Hakulalamika. Aliacha tu kuja, na siku hizi watu wanashangaa mbona safari zinachelewa kurudi hadi giza linaingia.

Najua utaniambia: "Si ni kujitolea? Kama anataka sifa, atafute kazi." Hapo ndipo tunakosana. Mahali hakuna mshahara, jina ndilo malipo. Ukilichukua jina la mtu ukampa anayejua kushika maiki, umekula mshahara wake. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, sina cheti cha kuning'iniza ukutani. Kwa mtu kama mimi, kutajwa mbele ya watu kwamba "huyu ndiye alipanga ile safari" ni wasifu kazi kamili. Tuko wengi hivyo hapa Nairobi. Tusipotajwa, atakayetupa kazi atatuonea wapi?

Tabia hii ni ya zamani, hata. Shuleni ulifundishwa kuhusu Kisoi Munyao, aliyepandisha bendera yetu Mlima Kenya mwaka wa 1963. Anastahili heshima yote. Lakini hakupanda peke yake. Haya, nitajie mwenzake mmoja.

Sisemi wenyeviti wote ni wezi. Kuna wanaolipia matatu kutoka mfukoni watu kumi wakikosa kutokea, na hilo pia hakuna anayelisema. Ndiyo maana hesabu ikiwekwa wazi inamlinda hata mwenyekiti mwenyewe.

Na si lazima tubuni chochote kipya. Sheria ya Vyama, Sura ya 108, inaita chama kundi lolote la watu 10 au zaidi, hata liwe la mchezo. Chama kilichosajiliwa chini yake kinatakiwa kuita mkutano mkuu wa wanachama wote angalau mara moja kwa mwaka na kuonyesha hesabu za pesa. Sasa hesabu kundi lenu lina watu wangapi. Mara ya mwisho mlipiga kura lini?

Kama hamjasajiliwa, mnaweza bado kupokezana vyeo kila mwaka, kuweka pesa chini ya watu wawili badala ya simu ya mmoja, na kuandika chini ya kila picha ya kilele majina ya waliobaki nyuma. Hiyo ya mwisho haigharimu hata bob.

Anza leo jioni. Ingia kwenye grupu, uliza kwa heshima mkutano mkuu ni tarehe gani, halafu tazama admini atachukua muda gani kukujibu. Au kukutoa.