Kabla ya Kumpa Alama, Ulizeni Alianza Lini

Kila Oktoba, fainali kuu ya futiboli ya Kiaustralia ikishapita, vijana bora wa miaka 17 na 18 hukusanywa na kupimwa. Hupimwa urefu wakiwa hawana viatu, hupimwa uzito, hupimwa mikono. Hukimbia mita 20, huruka juu wakiwa wamesimama na tena kwa kukimbia, hukata kona baina ya vigingi, na mwisho hukimbia kilomita 2. Anayemaliza mita 20 chini ya sekunde 2.9 huhesabiwa kuwa na mbio za ajabu. Anayemaliza kilomita 2 chini ya dakika 6 husifiwa kwa pumzi. Ifikapo Novemba, klabu za ligi kuu huteua vijana kwa zamu, iliyoshika mkia ikitangulia. Uteuzi huo huitwa drafti, nao umekuwepo tangu 1986.

Sipingi vipimo. Ninachopinga ni kusoma takwimu za kijana bila kuuliza alianza lini kuucheza mchezo huu, na mwili wake umefikia wapi katika kukua. Maswali hayo mawili yakiachwa, alama za juu huenda kwa waliotangulia kufika, na wanaokwenda kwa kasi zaidi huachwa njiani kwa kuwa bado hawajafika.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Adelaide, na Jumamosi zangu za msimu wa baridi huwa katika chumba cha kubadilishia nguo cha klabu moja ya vijana, upande wa kaskazini wa mji. Kazi yangu ni kufunga bandeji vifundo vya miguu, kukanda misuli iliyokaza na kuweka barafu panapovimba. Vijana wananiita Anti. Skauti, yaani msaka vipaji wa klabu kubwa, humuona kijana kutoka jukwaani kwa muda wa mechi. Mimi miguu yake iko mikononi mwangu kabla hajaingia uwanjani, na iko mikononi mwangu tena akitoka, ameshinda au ameshindwa. Kutoka hapo ndipo ninaposema.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, unachezwa kwenye uwanja wa duara lililovutwa, wachezaji 18 kila upande, robo nne za dakika 20 ambazo hurefuka kwa muda unaofidiwa. Mpira umechongoka pande mbili. Hupigwa kwa mguu, au hushikwa kwa mkono mmoja na kupigwa ngumi kwa mwingine, kwani kuurusha ni kosa. Kila upande una milingoti minne. Mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya miwili mirefu ya ndani ni pointi 6, na ukipita kando yake ni pointi 1. Anayeudaka mpira wa mguu uliosafiri mita 15 au zaidi, usiguswe na mtu njiani, hupewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa. Hata kudundisha mpira huu ni fani yake, kwa kuwa ukigusa ardhi vibaya huruka usikotaka. Mtoto wa Australia anaweza kuanza kuuzoea akiwa na miaka mitano, katika mafunzo ya watoto yanayoitwa Auskick. Akifika 17 ana miaka kumi na miwili ya kuusoma mdundo huo.

Sasa mweke kando yake kijana aliyeingia Australia akiwa na miaka 12 au 13. Hawa ninao wengi. Wazazi wao ni wa Sudan Kusini, na baadhi waliishi kambi ya Kakuma, kaunti ya Turkana, kabla ya kupata makazi huku. Ndiyo sababu Kiswahili husikika pembeni mwa viwanja vyetu. Msimu huu mama mmoja alinisogelea nilipokuwa nikikata plasta, akaniashiria wanaume wawili waliokuwa jukwaani.

“Dada, wale wanaandika nini juu ya mwanangu?”

Nikamwambia, “Wanaandika kama anafaa.”

“Na wamemuuliza mpira huu ameujua lini?”

Swali la mama huyo lilikuwa bora kuliko mengi ninayoyasikia kwa watu wa kazi hiyo. Mwanawe ana misimu minne tu katika mchezo. Mwezi wa nne, mguu wake wa kushoto ulikuwa wa kutembelea. Hakuweza kuupigia mpira ukafika kwa mwenzake. Mwezi wa nane aliutumia akiwa amebanwa, na mpira ukatua kifuani mwa mchezaji aliyemlenga. Aliyemuona mwezi wa nane pekee aliona kijana wa wastani. Aliyemuona mara mbili aliona kijana ambaye katika miezi minne amefunga pengo la miaka. Tathmini ya kweli ingekuwa na habari hiyo mstari wa kwanza kabisa.

Jambo la pili ni mwili. Kijana anaporefuka ghafla, mifupa hutangulia na misuli hufuata nyuma. Chini kidogo ya kifuniko cha goti, pale kano inaposhikana na mfupa wa muundi, hutokea uvimbe unaouma kila anaporuka au kukimbia. Magoti ya namna hiyo nayafunga kila wiki. Kijana mwenye maumivu hayo hupoteza mbio kwa msimu mzima, hukosa mpango wa hatua zake, hujikwaa pasipo na kitu. Kwenye karatasi ataandikwa mzito. Mwaka mmoja baadaye mwili umetulia, kano zimezoea urefu mpya, na mbio zake zimerudi. Karatasi ya mwaka jana, hata hivyo, ipo vilevile kwenye faili. Ongeza na mwezi wa kuzaliwa. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba huingia drafti moja, wakilinganishwa kana kwamba ni rika moja kamili, ilhali baina yao kuna karibu mwaka mzima wa kula, kukua na kucheza.

Jambo la tatu ni kosa, na analofanya mtu baada ya kosa. Hapa mimi huangalia kwa makini kuliko mahali pengine popote. Kijana amepoteza mpira, wapinzani wamefunga, robo imekwisha, anakuja kukaa mbele yangu kifundo kifungwe upya. Yuko anayelalamika juu ya mwamuzi. Yuko anayenyamaza na kujifungia. Na yuko anayemwita kocha akauliza, “Nilitakiwa nisimame wapi?” Wa mwisho huyu ndiye ningemteua, hata kama saa ya kilomita 2 haimsifu, kwa sababu nimeona namna wanaouliza swali hilo wanavyobadilika kutoka mechi moja hadi nyingine.

Historia ya drafti yenyewe imejaa ushahidi. James Hird aliteuliwa na Essendon mwaka 1990 akiwa wa 79, na mwaka 1996 akatwaa, kwa kugawana na Michael Voss, medali ya Brownlow, ambayo hupewa mchezaji bora na mwadilifu wa msimu. Dane Swan aliteuliwa na Collingwood mwaka 2001 akiwa wa 58, akaichukua medali hiyo mwaka 2011. Lachie Neale naye alikuwa wa 58 katika drafti ya 2011, mfupi kuliko viungo wengi wa ligi, na anazo Brownlow mbili, za 2020 na 2023. Wote watatu walipitwa na klabu nyingi, tena zaidi ya mara moja, kabla ya jina lao kutajwa.

Wapo pia ambao mlango uliwafungukia wakiwa watu wazima. Tom Stewart aliingia Geelong kwa drafti ya 2016 akiwa na miaka 23, akawa mmoja wa mabeki bora wa kizazi chake na bingwa wa 2022. Marlion Pickett aliteuliwa na Richmond katikati ya msimu wa 2019 akiwa na miaka 27, na mechi yake ya kwanza ya ligi kuu ilikuwa fainali kuu ya mwaka huohuo. Alifunga goli, na Richmond wakatwaa kombe. Drafti hiyo ya katikati ya msimu ilikuwa imerudishwa mwaka huo tu. Isingerudishwa, fainali ile ingechezwa bila yeye.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki lipo jina la kukumbukwa zaidi. Aliir Aliir alizaliwa Kakuma, Kenya, mwaka 1994. Sydney Swans walimteua akiwa wa 44 katika drafti ya 2013. Hakucheza mechi ya ligi kuu hadi 2016. Alipohamia Port Adelaide, hapa hapa mjini kwetu, aliingia kwenye kikosi bora cha ligi nzima katika msimu wake wa kwanza, mwaka 2021. Tangu ateuliwe hadi afikie kilele hicho ilipita miaka minane. Angehukumiwa kwa alichokuwa nacho mwaka 2014, angefungishwa virago na leo tusingemjua. Mwaka huohuo wa 2021, Gold Coast Suns walimteua Mac Andrew, mtoto wa familia ya Sudan Kusini aliyezaliwa Cairo, akiwa wa 5 katika drafti nzima. Alikuwa mrefu na mwembamba mno, kazi ya kumjenga ikiwa bado mbele. Kwamba klabu ilithubutu kutoa nafasi ya juu hivyo kwa mwili ambao haujakamilika inanipa matumaini kwamba macho yameanza kufunguka.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Klabu ina nafasi chache katika orodha yake. Kocha asiyeshinda hufukuzwa, na mkuu wa maskauti hufuata. Tena ukweli ni kwamba walioteuliwa mapema, kwa jumla, hucheza mechi nyingi kuliko walioteuliwa mwishoni. Katika drafti ya 2001, ileile ya Swan, Luke Hodge aliyekuwa wa kwanza na Chris Judd aliyekuwa wa tatu walitimiza yote waliyotarajiwa. Basi maskauti hawabahatishi, na siwaiti vipofu. Ila wanaona vizuri zaidi pale kijana alipoonekana tangu utotoni. Macho yao hupungua nguvu mbele ya kijana mwenye historia fupi, na hapo ndipo wanapopaswa kuongeza bidii, badala ya kumpunguzia alama.

Mwaka 2020 uliwafunza hili kwa lazima. Janga la korona liliifuta ligi ya vijana ya jimbo la Victoria, chemchemi kubwa kuliko zote ya vipaji, na klabu zikalazimika kuteua vijana ambao baadhi yao hawakucheza mechi msimu mzima. Maskauti walirudi kwenye video za 2019. Walipiga simu kwa makocha, walimu na wazazi. Waliuliza kijana anajizoeza vipi peke yake, analala saa ngapi, anapokea vipi maneno ya kumrekebisha. Yaani waliuliza maswali ambayo mimi nataka yaulizwe kila mwaka, janga liwepo lisiwepo.

Ninayoyadai ni mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mashine mpya. Kwanza, kila ripoti ya kijana iandike, pembeni ya mbio na urefu wake, idadi ya misimu aliyoucheza mchezo na kiasi alichorefuka ndani ya miaka miwili iliyopita. Bila tarakimu hizo mbili, zile nyingine hazina maana kamili. Pili, kila kijana anayefikiriwa atazamwe mwanzoni na mwishoni mwa msimu, ikiwezekana na mtu yuleyule, na ripoti ieleze kilichobadilika. Tatu, umri wa drafti upandishwe hadi miaka 19. Mwaka mmoja zaidi utampa aliyechelewa kukua nafasi ya kukamilika, utampa aliyechelewa kuanza msimu mwingine wa kujifunza, na utamwezesha kila mmoja wao kumaliza shule bila kuelekeza jicho moja kwenye simu. Umri ukibaki ulivyo, basi angalau milango ya nyuma iendelee kuwa wazi: orodha ya wanagenzi, drafti ya katikati ya msimu, na mikataba ya mafunzo.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Klabu hutumia fedha nyingi na safari ndefu kuchagua, kisha hushangaa vijana wawili waliopata alama sawa wakaishia mahali tofauti. Kilichowatenga mara nyingi ni miaka mitatu ya kwanza baada ya drafti: nani alimfundisha, alipewa muda gani wa kupona, alikaa na familia ipi mbali na kwao. Hodari wa kuchagua asiyejua kulea atamlaumu kijana kila mara.

Kwa wazazi wenzangu wanaosoma gazeti hili wakiwa Adelaide, Melbourne au Perth, msikae kimya pembeni mwa uwanja. Mkiona mtu na daftari, mwendeeni, msalimieni, mwambieni mwana wenu alianza lini na amerefuka kiasi gani. Si kujipendekeza, ni kumpa habari ambayo hana. Na mwana wenu asipotajwa Novemba, mwambieni ukweli kwamba watu wengine wametoa maoni yao juu ya mwaka wake mmoja, kisha mpelekeni mazoezini wiki inayofuata.

Na kwa wanaoshika kalamu: kijana aliyewakaribia wenzake kwa misimu minne, huku wao wamecheza kumi na miwili, tayari amewaonyesha uwezo wake. Liandikeni hilo, kwa wino uleule mnaoandikia makosa yake.