Siasa Haikubaki Langoni

Mwandishi mmoja anadai kuwa Chuo cha Ufundi cha Berlin, enzi za Hitler, kilishughulika na mashine tu, siasa ikabaki langoni. Langoni wapi? Kuanzia 1933 kilikuwa kinajenga kitivo cha teknolojia ya kijeshi. Labda mizinga nayo haina siasa!

Kichekesho zaidi ni dai kwamba walimu walipimwa kwa ujuzi pekee. Georg Schlesinger, bingwa wa mitambo ya karakana, alitiwa ndani mwaka huohuo wa 1933, na kazi ikaota mbawa. Kosa lake hasa lilikuwa Uyahudi. Gustav Hertz alikuwa na Nobel ya fizikia ya 1925. Babu yake alizaliwa Myahudi, basi akanyimwa haki ya kutahini, akaondoka. Ujuzi gani tena walioutaka?

Waliokifungua upya chuo hicho mwaka 1946 hawakudanganyika: wahandisi walilazimika kusoma hata falsafa.