Mshahara Huja Kila Mwezi, Mvua Huja Mara Moja



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nipate kuwaambia wanachama wenzangu neno moja juu ya mwezi huu wa Septemba na nyumba zetu.

Huko Ulaya, Septemba ni mwezi wa kutengeneza madirisha na kuweka kuni akiba kwa ajili ya baridi ijayo. Hapa kwetu Singida hatuogopi theluji, lakini Septemba nayo ni mwezi wa kujiweka tayari. Mavuno yamekwisha ingia ndani, kipupwe kimepita, na upepo wa vumbi wavuma mchana kutwa. Mvua haitazamiwi mpaka Novemba au Desemba. Basi nafasi tuliyo nayo ni fupi, nayo ikipita hairudi hata mwaka ujao.

Wazee wetu waliijua hesabu hii. Mwenye tembe hakungoja wingu. Wakati wa kiangazi alipanda juu ya paa lake la udongo, akatafuta nyufa, akabadili mti ulioliwa na mchwa, akaongeza udongo na kuushindilia. Nyumba nzima ilishiriki: huyu achota udongo, huyu akandika ukuta, huyu atengeneza kihenge. Walijua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sisi makarani tumeipoteza hesabu hiyo, kwa kuwa tumezoea kuhesabu siku kwa mshahara. Kila haja ya nyumbani twajibu, "Mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi ukifika, kodi na madeni huchukua sehemu yao, nasi twasema, "Mwezi ujao." Kwa viatu au kwa kiti desturi hii haina madhara makubwa. Lakini mvua ya Singida haina mwisho wa mwezi. Ina msimu mmoja kwa mwaka, kisha hwenda zake.

Sisemi haya kwa kuwahukumu wengine. Mwaka jana nyumba yangu ilikuwa na bati zima, wala haikuwa na mfereji hata mmoja. Mke wangu alinikumbusha Septemba. Nikamjibu, mwisho wa mwezi. Akanikumbusha Oktoba, nikamjibu vile vile. Mvua ya kwanza iliponyesha usiku, tulilala tukisikia maji yakimwagika pande zote na kuteremka barabarani. Kulipopambazuka binti yangu alitwaa ndoo, akakanyaga tope la maji yale yale, akaenda kungoja zamu bombani. Akachelewa shule. Hakunilaumu. Nami nikaenda ofisini, nikaandika barua nzuri sana juu ya uzembe wa watu wengine.

Tufanye hesabu, maana ndiyo kazi yetu. Mvua ya milimita 1 juu ya mita ya mraba 1 hutoa lita 1 ya maji. Mkoa wetu hupata kadiri ya milimita 500 mpaka 800 kwa mwaka. Bati la mita za mraba 50, likinyeshewa milimita 600, hupokea lita 30,000. Hata sehemu moja katika tano ikipotea, zabaki lita 24,000, yaani ndoo 1,200 za lita 20. Tangi la lita 1,000 haliwezi kuyaweka yote kwa mara moja, lakini hujaa, likatumiwa, likajaa tena. Maziwa yetu ya Singidani na Kindai yapendeza kutazamwa, ila maji yake ni ya chumvi. Hayatamwondolea mtoto ndoo kichwani.

Najua yupo atakayesema, "Mimi nimepanga, tena kesho naweza kuhamishiwa Manyoni au Mkalama." Neno lake si la kupuuzwa. Simwambii ajenge tangi la saruji katika nyumba ya mtu. Lakini mfereji mfupi wa bati na pipa safi lenye kifuniko huweza kufunguliwa na kupakiwa garini pamoja na vitanda. Tena aghalabu huyo ana wazazi kijijini. Likizo yake aitumie huko kwa ngazi na nyundo, asipeleke fedha na salamu tu.

Mwaka huu nimetumia Jumamosi mbili za kwanza za mwezi. Binti yangu alishika ngazi, mdogo wake akanipa misumari, na mama yao alisimama uani akinionya kwamba nimeuinamisha mfereji upande usiofaa. Alisema kweli, nikang'oa, nikaanza tena, nao watoto wakacheka sana. Sasa mfereji umekaa sawa. Mdomo wa tangi umefungwa wavu mbu wasiingie, na maji ya mvua ya kwanza tutayaacha yapite, maana huosha vumbi na mavi ya ndege juu ya bati.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kila mwanachama alitazame paa lake Jumamosi hii, naye aliyekwisha maliza amshikie jirani yake ngazi. Neno la "mwisho wa mwezi" na tuliache ofisini, mahali pake.

Wasalaam,

Karani mwenzenu,
Singida