Kispika Duni na Ghani Yetu

Spika ndogo zisizo na waya zimeenea Kibaha na Kisarawe. Zimo katika meza za wachuuzi wa Maili Moja, katika vibanda vya vinyozi na mafundi cherehani, hata mashambani kwenye kivuli cha mkorosho. Hazina jina la kujivunia, na bei yake hukaribia ya kuku wa kienyeji. Wenye masikio ya kuchagua huzibeza kwamba hazina besi. Mimi nazitetea, tena kwa ajili ya ushairi.

Spika yenye koni ndogo haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa mlio mzito. Ndiyo maana mdundiko wa Wazaramo ukichezwa humo hupoteza kishindo chake. Lakini maneno ya mwanadamu hayategemei kishindo. Kwa miaka mingi simu zilipitisha sauti kati ya hezi 300 na 3400 tu, na watu wakaelewana. Kisanduku hiki hukidhi kiasi hicho: vina vinasikika, mizani inahesabika, kituo kinatua. Anachokiita kasoro mpenzi wa dansi ni neema kwa mghani, kwani hakuna besi ya kuyafunika maneno.

Kisha kuna umbali. Blututhi katika vifaa vya namna hii hufika kama mita 10, kadiri ya baraza pana. Spika za masikioni humfungia mtu upweke. Sabufa hulazimisha mtaa mzima. Kispika huwatosha waliokaa pamoja. Ushairi wetu unaijua hadhira hiyo. Mathias Mnyampala alipoikuza ngonjera, alitaka mashairi yasemwe na kujibiwa mbele ya watu, yasibaki kurasani.

Wazee wetu walisikia mashairi redioni, tangu zama za Sauti ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1951, hadi Redio Tanzania. Hata hivyo, redio ndiyo iliyochagua cha kurusha na saa ya kukirusha. Kispika hupokea kadi ya kumbukumbu au flashi, pasipo kudai kifurushi cha intaneti. Bibi wa Maneromango, ambaye macho yake hayasomi tena maandishi madogo, anaweza kusikiliza utenzi mzima, kisha akauanza upya apendapo.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Diwani zetu nyingi hutoka zikiwa bubu. Mwanafunzi hujifunza kuhesabu mizani ya shairi asilowahi kusikia mahadhi yake. Mghani akifariki bila kurekodiwa, karatasi hubaki na maneno, nayo sauti huzikwa naye.

Najua lipo lalamiko la kelele, nami silipuuzi. Lakini anayewasha nyimbo ndani ya daladala bila kuwajali wenzake angewaudhi hata kwa kifaa cha bei kali. Kinachokosekana hapo ni adabu, wala si ubora wa spika.

Kuhusu jina, wapo wanaotaka tuseme kipaza sauti. Jina hilo tayari linatumika pia kwa maikrofoni, na spika naye ana kiti chake Bungeni. Kwa hiyo naridhika na kispika. Kiambishi ki- hudunisha na kudekeza kwa pamoja, na kifaa hiki kinastahili yote mawili.

Washairi wenzangu, nina pendekezo. Kila atakayetoa diwani arekodi kwa simu yake walau mashairi matatu, kwa mahadhi aliyoyakusudia, kisha ayagawe bure. Hahitaji studio. Wasikilizaji wa Kisarawe na Kibaha wamekwisha kununua vyombo kwa fedha zao wenyewe. Tunachodaiwa sisi ni sauti ya kuvijaza.